Mguu wa Bibi Harusi

Anayeandika ni Leyla, mjukuu wangu. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili, na akisikia ngeli imevunjika hushika kichwa kwa mikono miwili, kwa hiyo nimemruhusu aninyooshee maneno. Lakini yale niliyowaambia watu wa mradi usoni, Ndirangu na muuguzi wake, nimemkataza kuyagusa. Ulimi wetu wa Kisomali hugeuza p ikawa b, na v ikawa f, na siku zile nilikuwa na hasira. Yabaki yalivyotoka.

Naitwa Weris. Ninakaa pembeni mwa mji wa Wajir, katika bulla, yaani mtaa wetu, iliyokatwa katikati na barabara ya murram. Nimeuza maziwa ya ngamia kwa askari, walimu na makarani wa bara mpaka magoti yakagoma, na Kiswahili nilikipata mlangoni kwao. Marehemu mume wangu aliacha wajane wawili. Mkubwa ni Arbia, mdogo ni mimi.

Siku niliyoletwa kama mke wa pili, nilianza kujenga nyumba yangu ya fito na mikeka kando ya ile ya Arbia. Kwetu nyumba ni mali ya mwanamke. Yeye huifuma, yeye huisimamisha, yeye huibomoa na kuipakia. Kabla sijatandika mkeka wa kwanza, Arbia alikuja akang'oa fito zangu na kuzitupa miibani. Nikazichomeka tena. Akazing'oa tena, mbele ya wageni wa harusi, na mume wetu akajifanya anatafuta ngamia. Hakuna tusi la mdomoni linalofika hapo. Wazee ndio waliotuamua, na hata baada ya hapo alikaa miezi bila kunisalimu. Sasa mume yuko kaburini, watoto wametawanyika, na sisi wawili tumebaki tukizozana kuhusu nani alimaliza majani ya chai. Mtu akimgusa Arbia, ananigusa mimi. Hayo nimeyaeleza mapema ili msije mkaniuliza kwa nini nilifanya niliyofanya.

Watu wa mradi walikuja wakati wa kiangazi katika gari jeupe. Mkubwa wao alikuwa Ndirangu, mwanamume mpole wa Nyeri aliyevaa kofia ya jua na kuivua kila alipozungumza na mtu mzima. Walitukusanya sisi wazee uani kwa dugsi, pale watoto wanaposomea Kurani, na Kadar, kijana wetu aliyesoma hadi akaota mvi kidogo, akawa mkalimani. Walisema wanajaribu njia mpya ya kuwatibu wazee. Badala ya mzee kwenda hospitali, muuguzi atamfuata nyumbani na mashine ya presha, mashine ya sukari, dawa na bandeji. Lakini ili wajue kama njia hiyo inasaidia kweli, upande mmoja wa barabara utapata muuguzi, na upande wa pili utaendelea na huduma ya kawaida. Kisha watalinganisha.

Kura ikapigwa hadharani. Upande wa mashariki ukapata muuguzi. Sisi wa magharibi tukapata huduma ya kawaida.

"Huduma ya kawaida ndiyo nini?" nilimuuliza Kadar.

"Ni ile ile mliyokuwa mkipata, eddo," alisema, akiniita shangazi.

"Tulikuwa tukipata?"

Wenzangu walicheka, naye Kadar akatazama viatu vyake. Nasema kweli, Ndirangu hakutudanganya. Kura ilikuwa ya haki na mimi mwenyewe niliweka kidole gumba kwenye karatasi. Wakati huo Arbia alikuwa bado anatembea kwa miguu miwili, na mimi nilidhani huduma ya kawaida ni kitu cha kusubiri, kama mvua.

Kilichotuamsha kilikuwa harufu. Jioni moja Arbia alikuwa akifukiza nguo zake kwa chetezo, akauliza, "Nani anachoma nyama?" Nikamwambia hakuna aliyeonja nyama hapa tangu Idi. Kumbe kaa la moto lilikuwa limeanguka chini na yeye amesimama juu yake, huku akiulizia nyama. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaua nyayo zake, hakusikia kitu. Nilicheka kwanza. Kisha nikaona mguu, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Hospitalini walimpokea vizuri na wakasema mambo wazi. Kidonda kisafishwe kila siku, kifungwe bandeji mpya, na asikikanyagie. Kisiposafishwa kitapanda, na kikipanda watakata. Daktari alionyesha mahali kwa ukingo wa kiganja, chini kidogo ya goti la Arbia, na Arbia akavuta shungi usoni.

Kila siku! Ni rahisi kulisema neno hilo ukiwa umekaa kwenye kiti. Tuktuk haziingii mchanga wetu, zinazama. Bodaboda zinaingia, lakini Arbia alikataa katakata. "Sikumkumbatia mwanamume wa watu nilipokuwa na meno yangu yote," alisema, "nitamkumbatia leo?" Kwa hiyo nilimpakia kwenye wilbaro ya jirani, nikaisukuma hadi barabarani, tukasubiri tuktuk, tukasubiri foleni, tukarudi jua likiwa utosini. Nilifanya hivyo siku baada ya siku, hadi asubuhi moja macho yakaingia giza nikaangukia vipini vya wilbaro, Arbia akapiga mayowe. Siku hiyo hospitalini waliponipima presha, muuguzi alimwita mwenzake aje aione mashine. Walinipa vidonge wakaniambia nisisukume tena kitu chochote kizito. Hivyo Arbia akabaki na mguu, nami nikabaki na vidonge, na wilbaro ikarudi kwa mwenyewe.

Na ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yetu, muuguzi wa mradi alikuwa akipita na mwavuli wake wa rangi ya zambarau. Jina lake Kagendo, msichana wa Meru, mchapakazi. Wagonjwa wake wa kawaida aliwatembelea kila wiki, na mwenye kidonda alimfuata kila siku. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya Mzee Bulle, mgane, mfanyabiashara wa ngamia wa zamani, ambaye ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kutosikia vizuri na kuongea sana. Kagendo alimpima presha, akamsafisha masikio, akamkata kucha za miguu. Bulle alininyooshea mguu kutoka kule ili nione kucha zinavyong'aa. Nilimwombea mabaya kidogo, Mungu anisamehe.

Nilivuka barabara nikamsimamisha Kagendo njiani.

"Dakitari, mguu ya Arbia naoza. Iko ng'ambo tu. Fuka, ona, rudi."

"Shosho, mko katika kundi lile lingine," alisema. "Nikivuka nitafutwa kazi, na utafiti mzima utaharibika. Acha nimwandikie barua ya hospitali."

"Barua natembea? Barua nasukuma wilbaro?"

Macho yake yakalowa. Alikuwa na moyo mzuri, lakini siku hiyo sikuwa na haja na moyo wake. Nilimwambia machozi yake ayafungie kwenye bandeji, yatafaa zaidi. Akanishika mkono. "Kama mngekuwa mnaishi upande huu," alisema, kisha akanyamaza haraka, kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Lakini alikuwa amekwisha kusema, na mimi nilikuwa nimekwisha kusikia.

Watu wa bara hujenga nyumba ya mawe kisha nyumba inawashika shingo. Sisi sivyo. Kesho yake asubuhi niliwaita wanawake wa upande wetu, tukafungua mikeka, tukang'oa fito zangu na za Arbia, tukapakia vyote kwenye mkokoteni wa punda. Arbia alikuwa amekaa juu kabisa, mguu wake umefungwa kwa shuka ya zamani, akilalamika njia nzima.

"Unanihamisha kama mtungi, Weris."

"Mtungi hauna mdomo mrefu hivyo."

Adhuhuri ilipoadhiniwa, nyumba zetu zilikuwa zimesimama upande wa mashariki, kando ya ua wa miba wa Bulle. Bulle alitoka akauliza kama kuna vita. Nikamwambia ndiyo, vipo, aende akalale.

Kagendo alipotuona alifurahi hadi akasahau mwavuli wake chini. Akapiga magoti, akafungua ile shuka, akakunja uso. Vidole viwili vidogo vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Lakini kabla hajafungua sanduku, alisema lazima ampigie simu mkubwa wake kwanza, maana majina yetu hayakuwa kwenye orodha yake ya mashariki. Jioni hiyo hiyo gari jeupe likaja, Ndirangu akateremka pamoja na Kadar, akavua kofia.

"Mama Weris," alisema, "pole sana. Lakini aliyehama anabaki katika kundi alilopangiwa mwanzo. Watu wakianza kuhama kufuata muuguzi, hatutajua mwishoni kama ni muuguzi aliyesaidia au ni nguvu za wale walioweza kuhama. Mkiharibu jaribio hili, serikali haitaambiwa kitu cha kuaminika, na wazee wa mahali pengine watakosa muuguzi kabisa."

Mimi si mjinga, nilimwelewa. Hapo ndipo hasira iliponipanda kabisa, kwa sababu maneno yake yalikuwa na akili na mguu ulikuwa unaoza.

"Sasa mimi nasimama haba mbele yako," nilimwambia, "na karatasi nasema Weris iko kule. Kule nani iko? Nenda kule, ona kama nabata mtu! Amkia yeye! Bea yeye chai! Mwanamke iko haba na jina yake iko kule, dawa nafuata jina ama nafuata mguu?"

Watu walikuwa wamejaa, wa pande zote mbili, na wengi hawakufuata Kiswahili. Ndirangu akamwomba Kadar awaeleze wote kwa Kisomali, ili asiwepo mwingine wa kubeba nyumba kesho. Kadar akapaza sauti akasema kwamba mtu wa guur anabaki na kundi lake la zamani. Neno hilo, guur, ndilo tunalotumia kwa kuhama. Ila ndilo hilo hilo tunalotumia kwa ndoa.

Mzee Bulle aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Ndoa?" akapiga kelele. "Aliyeolewa anabaki kwa watu wake wa zamani? Mambo gani hayo? Tangu lini? Aliyeolewa anakwenda kwa mumewe!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kadar akaanza kumweleza kwamba alimaanisha kuhama, Bulle akazidi kutetea ndoa, na mzee mmoja wa magharibi akaingilia kuapa kwamba binti zake wote walikwenda kwa waume zao. Ndirangu akaniuliza, "Wanacheka nini?"

Nikamweleza. Kwetu neno ni moja. Na nilipokuwa ninamweleza, mimi mwenyewe ndipo nilipolisikia.

"Dakitari," nikasema, "na yule naolewa? Mwanamke ya kule, naolewa na mwanaume ya haba. Karatasi nasema nini?"

Alitabasamu. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliomponza. Akafungua makaratasi yake, akapekua, akasoma, kisha akapekua tena pole pole. "Muuguzi anahudumia kila mzee aliye katika nyumba iliyochaguliwa," alisema. "Pamoja na yeyote atakayeingia katika nyumba hiyo kwa ndoa." Akafunga makaratasi. "Lakini hicho ni kifungu tu, mama. Nani anaolewa akiwa na miaka sabini?"

Nilimgeukia Mzee Bulle. Alikuwa bado anabishana na Kadar.

Kwanza nilikwenda kwa sheikh, kwa sababu sikutaka mtu aje aseme tulifanya mchezo. Sheikh alinisikiliza, akashika ndevu, akasema ndoa hafungi ya kudanganyia mradi. Akifunga, imefungwa, na haki zote za mke ziko palepale. Nikamwambia sawa, hatutafuti ya kudanganya. Kisha nikaenda kwa Bulle na kumweleza kwa sauti ya juu hadi kuku wakakimbia. Bulle aliketi kimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mimi sioi mguu," alisema mwishowe. "Nikioa, ninaoa mtu. Arbia anataka?"

Swali hilo lilinitoa jasho, maana sikuwa nimemuuliza.

Arbia aliposikia, alinitupia kikombe. "Unanigawa kama mahindi ya msaada! Nilizika mume mmoja, nikapumzika. Sasa unataka nianze kusikiliza kikohozi cha mwingine?" Akageukia ukuta wa mikeka. Nilimwacha aseme yote, yalikuwa mengi, na mengine yalihusu mama yangu. Kisha nikaenda miguuni pake, nikafungua ile shuka, nikamwambia atazame. Hakuwa ameutazama mguu wake tangu hospitali. Alitazama. Harufu ilijaa nyumbani.

"Ninaogopa," nilimwambia. "Wewe unajua siogopi kitu, lakini hili ninaliogopa. Wakikukata hutaamka, na mimi sina mwingine wa kugombana naye. Sitaki kukaa peke yangu, Arbia. Sitaki."

Nilikuwa ninalia, na sikujifuta. Vidole vyake vilicheza na uzi wa mkeka.

"Mwambie aache tumbaku," alisema. "Ananuka tumbaku hadi huku. Na sitaolewa bure kama mtu wa dharura. Ninataka mahari. Ngamia jike mwenye maziwa, aandikwe jina langu, asimguse mwanawe yeyote."

Bulle alikubali ngamia haraka, kuhusu tumbaku alinung'unika siku nzima. Noordin, mtoto wa Arbia anayeuza simu Eastleigh, Nairobi, alipigiwa simu kama walii wake. Alifikiri tumerogwa. Mama yake alimnyang'anya Kadar simu akamwambia kwa maneno machache kwamba aliyemzaa ni yeye, si kinyume chake, na Noordin akampa sheikh ruhusa ya kumwoza.

Ndoa ilifungwa baada ya alasiri, uani kwa Bulle. Arbia alikaa juu ya mto, mikono imepakwa hina, mguu mmoja una hina na mwingine umefungwa shuka. Kagendo alikuwa amesimama nje ya ua wa miba, mwavuli mkono mmoja na sanduku mkono wa pili, kwa sababu aliambiwa asiingie kabla ya kusikia amina. Ndirangu naye alikuja. Alikuwa amekaa garini muda mrefu akizungumza kwa simu na wakubwa wa mradi Nairobi, na nilimwona akisoma kile kifungu kwenye simu mara kadhaa, mara nyingine kwa sauti ya kujitetea. Alipoteremka alisema tu, "Wamesema imeandikwa, kwa hiyo imeandikwa."

Sheikh akasema amina. Tende zilikuwa bado hazijazunguka, Kagendo alikuwa ameshavaa glavu na amepiga magoti mbele ya bibi harusi. Wanawake walipiga vigelegele. Wengine walikuwa wanapigia ndoa, mimi nilikuwa ninapigia bandeji.

Vile vidole viwili havikuokoka. Gari la mradi lilimpeleka Arbia hospitali, vikaondolewa, akarudishwa. Lakini mguu ulibaki. Kila siku Kagendo alikuja, akasafisha, akafunga, na kila siku Arbia alilalamika kwamba anafungwa kama ndama. Nilipoona nyama nyekundu safi imeanza kufunika pale palipokuwa pameoza, nilitoka nje nikakaa nyuma ya zizi peke yangu, nikamshukuru Mungu hadi nikachoka.

Ndipo nikamuuliza Kagendo kama anaweza kunipima na mimi, kwa kuwa yuko hapa na mashine iko hapa. Akamtazama Ndirangu, aliyekuwa amekuja siku hiyo kukagua kazi. Ndirangu akavua kofia, na nilipoona kofia imevuliwa nilijua jibu.

"Wewe bado ni wa kundi lile, mama. Ulihama tu. Hukuolewa."

"Sawa," nikasema.

Siku iliyofuata nilibomoa nyumba yangu, nikapakia, nikarudi magharibi. Arbia alipiga kelele nyuma yangu, Bulle akauliza tena kama kuna vita, sikugeuka. Kama jina langu liko kule, basi na mimi nitakuwa kule, ili wajue jina hilo lina mwili. Nilijenga karibu kabisa na barabara, mlango ukitazama mashariki, na kila gari jeupe lilipopita nilitoka nikasimama. Sikutukana, sikupunga mkono. Nilisimama tu ili Ndirangu aione huduma ya kawaida inavyoonekana. Vidonge vyangu vilikuwa vimekwisha na kichwa kilinigonga, lakini nilisimama.

Kadar, ambaye mradi ulikuwa umempa pia kazi ya kupima, alikuja na mashine yake, kwa maana upande wetu hupimwa pia, hupimwa bila kutibiwa. Alinifunga mkono, akatazama, akanifunga tena. "Eddo, hii ni mbaya. Nenda hospitali leo." Nikamuuliza nitakwenda na wilbaro ya nani. Akaniambia habari nyingine. Wajane wa magharibi walikuwa wameanza kuulizia wanaume wa mashariki. Mzee mmoja kule alikuwa amepaka ndevu hina na kuanza kutembea wima. Nairobi ilikuwa imeshtuka. Mwezi ukiisha, kile kifungu cha ndoa kinaondolewa, na atakayeolewa baada ya hapo hatahesabiwa.

"Waondoe," nikasema. "Mimi nimezeeka bila kifungu."

Niliyasema hayo kwa kiburi. Kadar alipoondoka nililala chini kwenye mkeka kwa sababu ardhi ilikuwa inazunguka, na niliogopa sana, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kulikuwa kumebaki siku chache mwezi uishe nilipowasikia watoto wakipiga kelele barabarani. Nilitoka nikishika mlango. Gari jeupe lilikuwa limesimama, Ndirangu na Kagendo wako kando yake. Arbia alikuwa anavuka barabara. Alikuwa na ufito mrefu mkononi, anauegemea, na amevaa zile ndala pana ambazo Kagendo alimtafutia. Anatembea. Anachechemea upande, anasimama, anatukana jiwe, anatembea tena. Kagendo alitaka kumshika mkono, akasukumwa.

Hakunisalimu. Alinipita mlangoni, akazunguka nyuma ya nyumba yangu, akaweka chini ule ufito wake, akashika wa kwangu wa pembeni kwa mikono yote miwili, akaung'oa. Paa likainama upande mmoja.

"Umerukwa na akili?" nikamfokea. "Arbia! Nyumba yangu!"

Akashika wa pili.

"Nimeshazungumza na Bulle," alisema, akihema. "Amesema anaogopa. Nimemwambia aogope akiwa ameketi. Ngamia wa mahari yuko, si mzuri kama wangu."

"Nani kakwambia ninataka kuolewa?"

"Nani aliniuliza mimi?" Akaung'oa wa pili, akautupa, safari hii mbali na miiba. Kisha akanyooka, akashika kiuno, akanitazama. Uso wake ulikuwa umejaa jasho na vumbi. "Nimekuwa mke mwenza wako maisha yangu yote, abbaayo, dada yangu. Kazi hiyo ninaijua. Sijui kazi nyingine." Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo. "Guur," akaniambia.

Nilitazama chini. Mguu ulikuwa pale kwenye mchanga wangu, umepungua vidole viwili, una vumbi hadi kifundoni, bandeji yake imelegea kwa kutembea. Ulikuwa umevuka barabara kunifuata mimi.

Ndirangu alikuwa amekaribia, kofia mkononi, akijikuna kichwa. Nilijua anachotaka kuuliza, kwa hiyo nikamtangulia.

"Andika, dakitari," nikamwambia. "Weris nahama. Weris naolewa. Kwetu neno iko moja, andika mara moja."

Akatoa kalamu. Mimi nikazunguka upande wa pili wa nyumba nikaanza kufungua mikeka.